Nilivyochagua kati ya shule mbili za DO Marekani: mgongo wa mzee wangu ndio ulioamua

Wakuu, bwakire buya. Kwa wale wasiojua Ekegusii, nawaamkua tu.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita, sijawahi kufungua uzi. Leo nimejikaza kwa sababu kila mara naona mtu anauliza, "Nimepata shule mbili za udaktari, nichague ipi?" halafu anajibiwa kwa kukariri: angalia ranking, angalia baridi, angalia sijui nini.

Nitaeleza yangu ilivyokuwa, bila kutia chumvi. Majina nimebadilisha na shule sitazitaja, kwa hivyo tafadhali msije inbox kunichimba.

Ni ndefu kidogo. Wekeni chai.

Mimi ni msichana wa Manga, Nyamira. Kwetu ni kule juu kabisa, shamba limeinama mpaka ukiangusha sufuria unaikuta kwa jirani. Tunalima chai na ndizi, na Jumamosi hakuna kazi kwa sababu sisi ni Wasabato.

Baada ya form four nilibahatika na green card, ile ya bahati nasibu, nikaenda kukaa kwa baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu. Nikaanza pale tunapoanzia Wakisii wengi huko: kuosha na kulisha wazee wa watu kwenye nursing home. Mnaojua, mnajua.

Nikawa nasoma college polepole huku nafanya kazi. Baadaye nikapata kazi kwenye kliniki ya daktari mmoja wa DO. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kona na kompyuta, kuandika anachosema mgonjwa na anachosema daktari.

Kidogo niwaeleze DO ni nini, maana najua mtauliza.

Marekani kuna madaktari wa aina mbili, MD na DO. Wote ni madaktari kamili. DO anaandika dawa, anapasua, anafanya residency, yale mafunzo ya hospitalini baada ya shule, kama mwenzake wa MD. Tofauti ni kwamba shule zao, zinazoitwa za osteopathic, zinaongeza masomo ya mikono: kushika mgongo, shingo, viungo, kusikia kwa vidole tatizo liko wapi. Nchi nyingine ukisikia mtu anaitwa osteopath, huyo si lazima awe daktari. Wa Marekani ni daktari. Msichanganye, na kabla hujaenda ulizia usajili wa nchi unayotaka kufanyia kazi.

Sasa yule bosi wangu alikuwa na tabia moja. Mgonjwa yeyote wa mgongo, hata kijana aliyeumia akicheza mpira, alimuuliza maswali yale yale. Miguu yote miwili inakufa ganzi? Ukikaa, unakisikia kiti vizuri? Haja ndogo inatoka kama kawaida?

Niliyaandika hayo maswali mpaka nikayachoka. Siku moja nikamuuliza, mbona unasumbua watu na kitu ambacho jibu lake ni lile lile kila siku? Akaniambia, siku moja jibu litabadilika, na siku hiyo mgonjwa halali nyumbani.

Nikaomba shule za MD, wakanikataa wote, tena wengine kwa upole wa kuudhi. Nikaomba za DO. Mbili zikanikubali. Nilipiga kelele mpaka mke wa baba mdogo akatoka bafuni na povu kichwani.

Nitaziita Jiji na Mlima.

Jiji ilikuwa karibu na kwa baba mdogo. Jengo jipya la vioo. Mtaa umejaa Wakisii, kanisani unahubiriwa kwa Ekegusii na baada ya ibada unalishwa ugali na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Ubaya wake, miaka miwili ya mwisho, ile ya kukaa na wagonjwa hospitalini, wanawatawanya. Mmoja kaskazini, mwingine kusini, wengine wanaambiwa wajitafutie.

Mlima ilikuwa kwenye kamji kadogo kati ya milima, theluji mpaka dirishani. Mkisii wa karibu ni safari ya nusu siku. Jengo la zamani, lifti inalalamika. Lakini hospitali ya kufundishia iko ng'ambo tu ya barabara, na unakaa hapo hapo mpaka umalize.

Mambo mengine, kama mitihani ya bodi, ithibati na wahitimu wanaopata residency, nililinganisha yote. Zilikaribiana sana. Kwa hivyo wale mnaokuja na ranking, nyamazeni kidogo.

Kuna kitu kimoja nilikiogopa. Kwenye darasa la mikono, wanafunzi wanashikana wenyewe kwa wenyewe. Unavaa kaptura na kitopu, mwenzako anakushika mgongo, halafu zamu yako. Nikauliza kule Jiji siku ya interview, mtu mwenye aibu anafanyaje? Kijana aliyekuwa anatutembeza akacheka, akasema, "Utazoea."

Kule Mlima nikauliza hivyo hivyo. Mwalimu wa hilo somo, mama mmoja wa nywele nyeupe, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Kwenu, nani anaruhusiwa kumgusa nani?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamweleza chinsoni.

Wakuu ambao si Wakisii, chinsoni ni heshima ya aibu kati ya mzazi na mtoto. Tena si mzazi wako peke yake, ni rika lote la wazazi wako. Humgusi ovyo, humwoni akioga, huingii chumba chake cha kulala, na mambo ya mwili hayatajwi kati yenu. Babu na bibi hakuna shida, hao mnataniana mpaka majirani wanasikia. Rika lako pia hakuna shida. Lakini kati ya baba na mtoto kuna ukuta.

Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wagonjwa wengi wana ukuta kama huo, ila hawana jina lake. Ukija hapa utatufundisha hilo neno."

Nikaona ni utamu wa interview tu. Nikatoka, nikasahau.

Nikapanga likizo nirudi nyumbani kuwaona wazazi, na jibu la shule lilitakiwa Ijumaa ya wiki ya mwisho ya likizo hiyo.

Baba yangu tumwite Nyabuto. Mkulima wa chai, mzee wa kanisa, maneno yake ni machache mno. Ukimsumbua na maswali anasema, "Mambo mengine hayaulizwi," na kikao kimeisha.

Nilimkuta amepinda kidogo. Anatembea kama mtu aliyebeba gunia ambalo halionekani. Nikauliza, akasema ni chai tu, kila mtu anayechuma chai ana mgongo.

Kuhusu shule, yeye hakuhitaji kufikiri. "Nenda pale kwa ndugu yangu. Kuna watu wetu, kuna kanisa. Ukiugua nani atakuletea uji?"

Mama naye alikuwa na lake. Sabato ya kwanza alisimama kutoa ushuhuda, leso mpya, sauti imepanda. "Binti yangu amepata shule mbili za udaktari wa mifupa!"

Nikataka benchi linimeze. Mama, si mifupa! Lakini utasimama kanisani umsahihishe mama yako? Haiwezekani.

Basi Jumapili asubuhi nikafungua mlango nikakuta foleni. Haki ya Mungu. Watu wamekaa kwenye nyasi, kwenye mawe, mmoja amekuja na kiti chake. Kiuno, goti, bega, shingo iliyolala vibaya. Mmoja ametoka Nyaramba, sijui habari ilifikaje Nyaramba. Walisikia mtaalamu wa kurudisha mifupa amekuja kutoka Amerika.

Nikawaeleza mimi bado hata sijaanza shule. Hakuna aliyeondoka. Mama mmoja akasema, "Wewe shika tu, sisi hatusemi kwa mtu."

Sikushika mtu. Niliwasikiliza mmoja mmoja, nikawaambia nani aende hospitali na nani apumzike tu, basi. Nilikuwa na hasira na mama mpaka saa sita sijamsemesha.

Kwenye foleni hiyo ndipo alipokuwa Mzee Onchari. Huyu ni jirani na ni rafiki wa baba tangu utoto, walitahiriwa siku moja. Wakikaa pamoja wanatukanana matusi ya kuchekesha mpaka mimi nakimbilia jikoni. Lakini kwangu yeye ni baba, kwa hivyo aliponiona akarekebisha koti, akanionyesha goti kwa mbali, juu ya suruali, akasema linamsumbua wakati wa mvua. Nikasema pole. Akasema asante daktari. Matibabu yakaisha.

Jioni ile nikamwambia baba, nimekata shauri, nitachukua Jiji. Alifurahi. Alisema "Vizuri," na kwa baba yangu hiyo ni hotuba. Network ilikuwa imegoma, nikasema kesho nitabonyeza jibu la kukubali.

Jumatatu asubuhi baba hakwenda kuchuma.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake, ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Akajaribu kusimama. Miguu yote miwili ikamkataa, akarudi chini polepole, kisha akaangalia dirishani kama vile ndivyo alivyotaka.

Miguu yote miwili, jamani. Niliisikia sauti ya bosi wangu kama yuko pale nyuma ya kabati.

Nikasema, "Tata, mgongo vipi?" Tata ndiyo baba kwa lugha yetu.

"Mzuri."

"Na miguu?"

"Imechoka."

Swali lililofuata lilifika kwenye meno likakwama. Nitamuuliza baba yangu kama anakojoa? Mimi? Wakuu, nimeosha wazee wasiohesabika kule Marekani, nimebadilisha nepi za watu wazima, sijawahi kuona aibu. Lakini baba yangu mzazi, kwenye sebule yetu, ulimi ulikufa kabisa.

Na hata ningeuliza, asingejibu. Angesema mambo mengine hayaulizwi.

Nikamvuta mama nyuma ya jikoni. Nikamwambia kuna maswali lazima tata aulizwe sasa hivi. Nikayasema. La haja ndogo nililisema nikiangalia migomba. Mama alinikata jicho, lakini aliona uso wangu, akaingia ndani.

Hakukaa sana. "Amesema yuko sawa, nimletee chai."

"Mama, hajasema ukweli."

"Najua hajasema ukweli! Huyu siku alipovunjika mkono aliniambia amelala vibaya."

Kisha mama ndiye aliyesema, "Onchari."

Akampigia simu, naye akaja mbio na gumboots. Sasa tatizo jingine: mimi siwezi kumwambia Mzee Onchari maneno hayo, ni baba yangu huyo. Kwa hivyo mama, ambaye kwake ni shemeji, alimvuta pembeni karibu na zizi, mimi nikiwa mbali najifanya nachambua mboga. Nilimsikia Onchari akicheka kwa nguvu. "Hayo tu? Nitamuuliza, na nitamuuliza vibaya!"

Akaingia, akafunga mlango.

Tukasikia matusi. Tukasikia kicheko, cha Onchari kwanza, halafu hata cha baba kidogo. Halafu kicheko kikakatika.

Onchari akatoka ameshika kofia mkononi. Hakuniangalia. Alimwendea mama, akasema naye kwa sauti ya chini. Mama akaja kwangu. Yaani swali langu lilienda kwa mama, likaenda kwa Onchari, likafika kwa baba, na jibu likarudi kwa njia ile ile.

"Tangu jana asubuhi," mama akasema. "Ni matone tu. Na anasema akikaa ni kama amekalia blanketi, kiti hakisikii."

Lile jibu lilikuwa limebadilika.

Niwaeleze kifupi. Nerve za chini ya uti wa mgongo zikibanwa sana, zinakata mawasiliano na miguu na kibofu. Ukiwahi, wanafungua. Ukichelewa, mtu anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Hilo si la kupaka dawa na kusubiri kesho.

Nikaingia sebuleni, nikasema, "Tata, tunaenda Kisii sasa."

"Kesho. Leo ni siku ya chai."

"Tata, chai itajichuma!" Nilipaza sauti kwa baba yangu, na sijui niliitoa wapi. Akanitazama, nikatazama chini. Machozi yalikuwa yanatoka tu, sikuyafuta.

Mama alikuwa ameshamwita jirani mwenye gari la probox, lakini Onchari ndiye aliyeokoa. Akasimama mbele ya kiti. "Nyabuto. Siku ya kisu ulisimama kando yangu hukulia. Leo unaogopa probox?"

Baba akanyoosha mkono mmoja kwa Onchari, na mwingine kwa jirani mwenye probox. Wakambeba. Mimi nilibeba sweta yake tu, maana hicho ndicho nilichoruhusiwa kubeba.

Hospitali moja mjini Kisii walitupokea vizuri, sina la kusema vibaya. Daktari wa zamu akauliza shida ni nini. Mzee Onchari akaeleza kwa Ekegusii, mimi nikatafsiri kwa maneno ya hospitali, na wote wawili tulikuwa tunaangalia ukuta. Daktari kusikia tu "akikaa hasikii kiti" aliacha kuandika, akaita watu. Picha ikapigwa. Jioni hiyo hiyo baba akaingia theatre kupasuliwa.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Mama anaomba kimoyomoyo, midomo inacheza. Onchari amesinzia na kofia usoni.

Niliogopa, wakuu. Nikawaza, kama Onchari angekuwa amekwenda Nyansiongo kwa binti yake siku ile? Baba angepooza kwa heshima. Na sikuwa na hasira na chinsoni. Imenilea, naipenda, sitaki kuivunja. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilijua maswali yote na sikujua namna ya kuyafikisha.

Ndipo nikamkumbuka yule mama wa Mlima. Kwenu, nani anaruhusiwa kumgusa nani? Yeye peke yake, kati ya watu wote wa interview, ndiye aliyeuliza mlango uko wapi kwenye ule ukuta kabla ya kuniambia nibishe hodi. Yule kijana wa Jiji aliniambia nitazoea. Nizoee nini? Baba yangu atazoea?

Nikatoa simu, nikaandika email pale pale kwa shule zote mbili. Swali moja la kawaida: mtihani wa vitendo ukiangukia Jumamosi, Msabato anafanyaje? Kwa yule mwalimu wa Mlima nikaongeza kwamba niko hospitalini na baba, na sababu yake.

Onchari akaamka, akaniona naandika. Akauliza kama naandikia serikali ya Amerika ije. Nikasema karibu.

Daktari alitoka akasema tumewahi. Alisema kwa Kiswahili, "Mmemleta vizuri," mama akakaa chini sakafuni kabisa na kuanza kuimba.

Asubuhi nikafungua email. Jiji walikuwa wamenijibu kwa mashine: ujumbe wako umepokelewa, usijibu barua hii. Yule mama wa Mlima alijibu mwenyewe. Pole kwa baba yako. Mtihani utafanya Jumapili, tumeshawafanyia wengine. Halafu mstari wa mwisho: "Ulimuulizaje?"

Nilisoma hilo neno nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji ya moto, nikajua naenda Mlima. Sikuwa na shaka tena. Nilichobaki nacho ni woga wa kumwambia baba, maana nilishampa neno langu Jumapili, na mtu hawezi kumvunja moyo mgonjwa.

Nikangoja mpaka Alhamisi. Baba alikuwa amelala chali, vidole vya miguu vinacheza, na mama alikuwa amefunika ule mfuko wa mkojo kwa leso ili nisiuone. Nilijua uko wapi, naye alijua najua, tukaachana nao. Onchari yuko kwenye kiti anakula ndizi za mgonjwa.

"Tata, nataka kubadilisha. Nataka ile ya Mlima."

"Ile isiyo na watu?"

"Ina watu. Haina Wakisii."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, tata."

Akaangalia dari. "Kwa nini?"

Nikamwambia kuna mwalimu kule aliniuliza kwetu nani anamgusa nani, na nilipomweleza hakucheka. Nikamwambia nataka kujifunza kufikisha maswali. Sikutaja maswali gani.

Nilidhani ndiyo basi, atasema mambo mengine hayaulizwi.

Onchari akameza ndizi. "Nyabuto, mwache mtoto aende. Mimi siwezi kupelekwa mpaka Amerika kuuliza wazee wa watu kama wamekojoa!"

Wodi nzima ikacheka. Baba akacheka mpaka akashika ubavu, nesi akaja kutukemea. Alipotulia akasema, bado anaangalia dari, "Haya. Mkisii wa kwanza huko ni wewe. Usituaibishe."

Ijumaa nikabonyeza.

Sasa, nilichojifunza. Ukiwa na shule mbili zinazokaribiana, usisome tu brosha. Waandikie swali moja la kweli kuhusu maisha yako, lile linalokuaibisha kidogo, na uangalie nani anajibu na anajibu vipi. Uliza pia wagonjwa utawaona wapi na nani atakuwa anakufundisha siku hiyo, maana jengo la vioo halifundishi mtu.

Na usidharau mambo ya nyumbani ukidhani udaktari uko mbali nayo. Kama kwenu kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia mwingine, jua ni nani anayeweza kuambiwa, na umjue mapema kabla hajaugua mtu. Kila mzee ana Onchari wake.

Wenye baba kama wangu, mtu wa "niko sawa", karibuni mchangie. Kwenu ujumbe kama huo unapitia kwa nani? Na waliosoma DO, nirekebisheni nilipokosea, ila kwa adabu, mimi ni mtu wa hasira za karibu.

EDIT: Mmeuliza sana kuhusu mzee. Alitoka hospitali, akaanza na fimbo, sasa fimbo anaibeba tu kama mapambo. Chai anachuma mama na vijana, yeye anasimama juu ya shamba anawakosoa.

Mimi niko Mlima, theluji imefika dirishani kama walivyosema. Neno chinsoni liko ubaoni kwenye darasa la mikono tangu wiki ya kwanza, wanalitamka vibaya lakini wanalitamka.

Jana nilimpigia baba. Nikauliza kama kawaida, "Tata, mgongo vipi?"

"Mzuri."

Hapo kwa kawaida ndipo anampa mama simu. Lakini nilimsikia anakohoa, kiti kinasogea, mlango unafunguka, kisha kuku. Alikuwa ametoka nje, mbali na watu.

Akasema, "Na yale mengine pia yako sawa."

Kisha akampa mama simu.